Amri za Watu na Amri za Skripti: Historia Iliyohifadhiwa Kwenye Miongozo

Tarehe 3 Novemba 1971, Ken Thompson na Dennis Ritchie, watafiti wa Bell Labs huko Murray Hill, New Jersey, walitoa toleo la kwanza la mwongozo wa Unix. Lilikuwa kabrasha lililopangwa kwa programu ya roff na kugawanywa katika sehemu saba. Sehemu ya kwanza ilihusu amri. Ya pili ilieleza miito ya mfumo, ya tatu vijiprogramu vidogo vya kuitwa na programu nyingine, kisha zikafuata faili maalumu, miundo ya faili, programu zilizotunzwa na watumiaji wenyewe, na mwishoni mchanganyiko wa yaliyobaki. Utangulizi wake ulitenganisha mambo mawili waziwazi: amri ni programu ambayo mtu anaiita mwenyewe, na vile vijiprogramu vya sehemu ya tatu ni vya kuitwa na programu alizoandika mtu huyo.

Naona hapo ndipo lilipozaliwa swali ambalo, zaidi ya miaka 50 baadaye, bado linawasumbua watunzaji wa programu. Amri hii ni ya nani? Ni ya mtu aliyekaa mbele ya teminali akisoma kwa macho, au ni ya skripti inayoiita usiku wa manane wakati ofisi imefungwa? Mwaka 1971 jibu halikuwa na utata. Mfasiri wa amri, yaani sheli, aliweza kusoma amri zilizopangwa kwenye faili, lakini alikuwa mchanga bado, na aliyeandika amri kwa kawaida alikuwa mtu, vidole vyake vikiwa juu ya teletaipu.

Historia ya programu tumezoea kuisimulia kwa kufuata wavumbuzi na makampuni. Hii ya leo nataka kuifuata kupitia miongozo, kwa sababu mgawanyo ninaouzungumzia haumo ndani ya programu zenyewe. Ufungue msimbo wa amri ya ls na uusome mstari kwa mstari. Hutakuta mahali palipoamua kwamba matokeo yake yatakuwa vilevile miaka kumi ijayo. Uamuzi huo hukaa kwenye maandishi. Mtunzaji akishaandika kwamba matokeo haya hayatabadilika, amri imekuwa ya skripti. Asipoandika, watu wataitegemea hata hivyo, na siku atakayoigeuza kazi za watu zitakwama. Kwa hiyo walioandika kurasa za mwongozo na kuzipanga kwa mafungu wana nafasi katika historia hii sawa na walioandika programu, nami nadhani hatujawapa heshima yao.

Ukurasa mmoja wa mwongozo ule wa 1971 unastahili kutazamwa kwa karibu. Ulianza na jina la amri, ukafuata muhtasari wa namna ya kuiandika, kisha maelezo, faili inazozigusa, kurasa nyingine za kutazama, na ujumbe inaoutoa mambo yakiharibika. Karibu na mwisho palikuwa na nafasi ya kasoro zinazojulikana, zikiandikwa bila kuona haya, na chini kabisa jina la mwenye programu: ken, au dmr, herufi walizozitumia Thompson na Ritchie kuingia kwenye mashine. Mpangilio huo, ukiacha jina la mwenyewe lililokuja kuondolewa, ndio unaouona leo ukiandika man kwenye kompyuta ya Linux au Mac. Ni maandishi machache ya ufundi yaliyodumu na sura yake kwa muda mrefu hivyo.

Hata hivyo sehemu ya kwanza ilikuwa na vurugu yake. Amri zilipangwa kwa alfabeti tu. Baada ya mkdir, inayotengeneza folda, ilifuata mkfs, inayotengeneza mfumo mpya wa faili na kufuta kila kilichokuwepo kwenye diski. Baada ya mkfs ilikuja mount. Chombo cha kila mtu na chombo cha msimamizi wa mashine viliwekwa ubavu kwa ubavu, kwa sababu mtumiaji na msimamizi walikuwa mtu yuleyule, aliyeketi chumba kilekile. Timu ilipokua, mwongozo nao ukabidi ukue. Toleo la saba, la Januari 1979, lililohaririwa na Douglas McIlroy, mkuu wa idara iliyoizaa Unix, liliziwekea amri za usimamizi alama yake: sehemu 1M, herufi M ikisimama kwa utunzaji wa mfumo. Wakati huo mwongozo ulikuwa na sehemu ya nane pia, yenye taratibu kama init na cron. Watu wa Chuo Kikuu cha Berkeley walizihamishia amri zote za 1M sehemu ya nane, na Linux ikafuata njia hiyo. Solaris iling'ang'ania 1M hadi toleo la 11.4 mwaka 2018. Ndiyo maana ukisoma ukurasa wa zamani wa Solaris na ukurasa wa Debian kuhusu amri ileile, namba iliyo kwenye mabano hailingani.

Ule ulikuwa mgawanyo wa kwanza, wa watu na watu. Mgawanyo wa watu na skripti uliletwa na bomba.

McIlroy alikuwa ameota tangu miaka ya 1960 kwamba programu ziungane, matokeo ya moja yakiingia moja kwa moja kwenye nyingine. Thompson aliliweka wazo hilo, ndilo bomba, ndani ya Unix kwa usiku mmoja, na mwongozo wa toleo la tatu, wa Februari 1973, ukalieleza. Kesho yake programu nyingi zilionekana zina maneno mengi mno. Ujumbe wa kumfahamisha mtu kwamba kazi imekamilika ulikuwa msaada ulipokuwa ukichapwa kwenye karatasi ya teletaipu. Ulipoingia ndani ya programu ya kupanga alfabeti uligeuka kuwa data, ukapangwa pamoja na majina ya wateja. Programu ziliandikwa upya ili zinyamaze kama hazina la kusema, na zisome ingizo lolote linaloletwa badala ya kudai jina la faili.

Ukimya huo ukaleta tatizo jingine: kosa litatangazwa wapi? Steve Johnson, aliyekuwa Bell Labs miaka hiyo, amesimulia jinsi watu kadhaa walivyopata mkasa mmoja katika alasiri moja. Walituma kazi kwenye mashine ya kupanga herufi kwa picha, wakasubiri karatasi isafishwe kwa kemikali, wakapokea ukurasa wenye mstari mmoja tu, uliopangwa kwa herufi za kupendeza, ukisema faili haikuweza kufunguliwa. Manung'uniko yao ndiyo yaliyozaa njia ya pili ya matokeo, ile ya makosa. Ilikuwemo katika toleo la sita la mwaka 1975. Tangu hapo kila programu ya Unix ina midomo miwili: mmoja husema na programu inayofuata, mwingine husema na mtu. Kwangu mimi hilo ni tukio kubwa zaidi katika historia hii yote, kubwa kuliko bomba lenyewe, maana kwa mara ya kwanza mfumo ulikiri kwamba kila amri ina wasikilizaji wa aina mbili kwa wakati mmoja.

Mwaka 1978, katika toleo maalumu la jarida la kitaalamu la Bell kuhusu Unix, McIlroy na wenzake wawili, Pinson na Tague, waliandika dibaji iliyoeleza desturi iliyokuwa imeshakomaa. Walishauri kwamba kila programu ifanye jambo moja vizuri, kwamba mwandishi atarajie matokeo yake kuwa ingizo la programu nyingine ambayo bado haijaandikwa, na kwamba asiyajaze maneno ya ziada. Mwaka uliofuata sheli ya Stephen Bourne ilitoka pamoja na toleo la saba, na skripti ikawa lugha kamili yenye masharti, mizunguko na vigeu. Aliyeita amri hakuwa tena lazima awe mtu.

Huko California mambo yalielekea upande mwingine. Chuo Kikuu cha Berkeley kilikuwa na wanafunzi wengi wenye teminali za skrini, na mtu mwenye skrini hataki orodha ya faili 80 ipite kama mvua. ls ya Berkeley ilipanga majina kwa safu kadhaa ili yaenee kwenye upana wa skrini. Lakini safu hizo zingeivunja kila skripti iliyotarajia jina moja kwa kila mstari. Suluhisho lao lilikuwa la werevu: programu huuliza mfumo kama matokeo yanaelekea kwenye teminali. Yakielekea huko, hupanga safu. Yakielekea kwenye bomba au faili, huandika jina moja kwa kila mstari. Amri moja, tabia mbili, na hakuna aliyelazimika kuchagua.

Wazee wa Bell Labs hawakupendezwa. Katika makala yao ya 1984 kuhusu usanifu wa programu katika Unix, Rob Pike na Brian Kernighan waliitaja ls hiyo kama mfano wa chombo kinachobadilika kutegemea kinakoelekezwa. Hoja yao ina uzito. Mtu huijaribu amri kwa macho yake kwenye skrini, kisha huiingiza kwenye skripti, na kinachotoka si kile alichokijaribu. Pamoja na hayo nadhani Berkeley walishinda kwa haki, kwa sababu walimjali mtu aliyeko mbele ya skrini bila kumvunjia kazi aliyeandika skripti jana. Mradi wa GNU, ulioandika upya zana za Unix kama programu huru, ulijikuta katikati. Kanuni zake za uandishi wa programu zinakataza tabia ya amri kutegemea aina ya kifaa kinachopokea matokeo, halafu zinakiri kwamba kuiondoa tabia hiyo kwenye ls kungekuwa maafa. Basi wakatoa amri ya pembeni, dir, inayopanga safu kila wakati, bila kuuliza matokeo yanaelekea wapi.

Kumbuka kwamba hadi hapo hakuna hati rasmi iliyosema amri zipi ni za nani. Hati hiyo ilikuja mwaka 1992, na ni ajabu kwamba hata wataalamu wengi hawaikumbuki. Kamati ya IEEE iliyotunga viwango vya POSIX ilitoa kiwango cha pili, 1003.2, kilichoeleza sheli na zana zake. Lengo lake lilikuwa skripti: programu ya sheli iliyoandikwa kwenye mashine ya kampuni moja iende kwenye mashine ya kampuni nyingine bila kubadilishwa. Kwa lengo hilo vi, programu ya kuhariri maandishi, haihitajiki, kwa kuwa skripti haihariri barua kwa macho. Lakini watu nao huhama mashine, na vidole vyao vinakumbuka amri. Kwa hiyo kiwango kikapewa nyongeza, 1003.2a, kwa ajili ya uhamaji wa watumiaji wenyewe. Humo ndimo zilimoingia vi na ex, more ya kusoma kurasa, talk ya kuzungumza na aliye kwenye teminali nyingine, pamoja na amri za kuongoza kazi zinazoendelea, kama jobs, fg na bg. Alama ya nyongeza hiyo haijafutika. Ukisoma POSIX ya sasa utaona ukurasa wa vi umewekewa herufi UP pembeni, maana yake ni zana ya hiari iliyowekwa kwa ajili ya mtu.

Kiwango hicho hakikuishia kwenye kugawa amri nzima nzima. Kiliingia ndani ya amri moja na kuigawa. df, inayoonyesha nafasi iliyobaki kwenye diski, ilikuwa na sura tofauti kwa kila mtengenezaji, na kwenye baadhi ya mifumo jina refu la diski lilizisukuma takwimu hadi mstari wa pili. Mtu huelewa mara moja akiona. Skripti inayosoma safu ya nne ya kila mstari haielewi kitu. POSIX ikaongeza chaguo la -P, linaloahidi mstari mmoja kwa kila diski na safu zisizohama. Amri imebaki moja, na ahadi imewekwa kwenye herufi moja. (Kipimo chenyewe kilizua ubishi wake: POSIX ilidai vipande vya baiti 512, GNU ikaona watu wanafikiri kwa 1024, na hadi leo zana za GNU hufuata kiwango hicho pale tu mtumiaji anapoweka kigeu kiitwacho POSIXLY_CORRECT.)

Mfano ulio wazi kuliko yote, na unaotunzwa kwa bidii kuliko yote, ni Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo.

Linus Torvalds aliianza Aprili 2005, baada ya watengenezaji wa kiini cha Linux kupoteza ruhusa ya kutumia BitKeeper, programu ya kazi hiyohiyo, bila malipo. Hifadhi ya kwanza ya msimbo wake, ya tarehe 7 Aprili, ilitoa programu saba: init-db, update-cache, show-diff, write-tree, read-tree, commit-tree na cat-file. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyotungwa kwa mtu wa kawaida. Ili kuhifadhi badiliko moja ilibidi usajili faili, uandike mti wa folda, upokee namba ndefu ya herufi 40, uinakili, kisha uipe commit-tree pamoja na namba ya badiliko lililotangulia. Torvalds alitaka hivyo. Alikuwa akijenga mabomba ya maji ya chini, akatarajia wengine wajenge juu yake chombo cha kauri cha kukaliwa, na mfano wenyewe ulitoka chooni bila kuficha. Petr Baudiš alijenga Cogito kwa msingi huo, na kwa muda watu wengi waliitumia Git kupitia Cogito. Lakini Git yenyewe ikaota kauri yake, Cogito ikaachwa, na mgawanyo wa mabomba na kauri ukabaki ndani ya mradi mmoja.

Julai 2005 Torvalds alimkabidhi Junio Hamano utunzaji, naye anaushika hadi leo. Chini yake mgawanyo ulitoka kwenye mazungumzo ukawa kumbukumbu iliyoandikwa. Ukurasa mkuu wa mwongozo wa Git una orodha mbili, amri za juu na amri za chini, na unaeleza sababu: amri za chini zimekusudiwa skripti, hivyo ingizo, matokeo, machaguo na maana zake vitakaa imara kuliko vya amri za juu, ambazo zinaweza kubadilika ili kumrahisishia mtumiaji. Ndani ya msimbo kuna faili moja ya maandishi, command-list.txt, ambayo kila mpenda kumbukumbu angepaswa kuifungua. Kila mstari una jina la amri na fungu lake. git-add imo kwenye kauri kuu. git-commit-tree imo kwenye mabomba yanayobadilisha, git-cat-file kwenye mabomba yanayouliza. git-config na git-blame zimewekwa kwenye mafungu ya wasaidizi, upande wa kauri. Kurasa za mwongozo na orodha ya git help huzalishwa kutoka kwenye faili hiyo. Anayeongeza amri mpya Git hulazimika kujibu kwa neno moja: amri yako ni ya nani?

Ahadi hizo zilijaribiwa mwaka 2008. Wakati huo kila amri ya Git ilikuwa programu yake yenye kistari, git-commit, git-log na kadhalika, na zaidi ya 100 zilikuwa zimejazana kwenye folda ya programu za watumiaji. Mgeni akiandika git- na kubonyeza kitufe cha kukamilisha alikutana na orodha iliyomtisha. Toleo la 1.6.0, la Agosti 2008, liliziondoa karibu zote hapo na kuzipeleka kwenye folda ya libexec, mahali ambapo mifumo ya BSD, iliyotokana na Unix ya Berkeley, huweka programu zinazoitwa na programu nyingine. Mtu alitakiwa kuandika git commit, bila kistari. Mpango ulikuwa umetangazwa mapema, lakini tangazo humfikia anayesoma matangazo. Skripti zilizoandika git-commit zilikwama, na wenye skripti walilalamika kwa sauti. Mimi nasimama na Hamano katika uamuzi wenyewe, ila malalamiko yalikuwa ya haki pia: kwa miaka mitatu majina yale yalikuwa wazi kwa kila mtu, na jina lililo wazi kwa miaka mitatu watu huliona kama ahadi hata kama hakuna aliyeiandika.

Mwaka 2010, katika toleo la 1.7.0, Git ilifanya kwa git status kile ambacho POSIX ilikifanya kwa df. Amri hiyo hutoa sentensi nzima kwa ajili ya mtu, zikimweleza yuko tawi gani, faili zipi zimebadilika na aandike nini ili kutengua. Skripti zilikuwa zikizichuja sentensi hizo, kila mojawapo ikitafuta neno lake. Sasa ukiongeza --porcelain unapata mistari mikavu ya namna hii:

 M taarifa.txt
?? rasimu.txt

Herufi mbili za hali, nafasi, na jina la faili. Mwongozo unaahidi kwamba sura hiyo haitabadilika toleo hadi toleo, wala haitafuata rangi na mapendeleo aliyoyaweka mtumiaji. Habari zaidi zilipohitajika, hawakuigusa sura ya kwanza. Walitoa ya pili, --porcelain=v2, mwishoni mwa 2016, na ya kwanza ikaendelea kama ilivyokuwa. Huo ndio uungwana ninaoutaka kwa mtunzaji wa programu.

Debian walipita njia nyingine kufika hapohapo. apt-get, amri yao ya kusakinisha programu, ilikuwa imezoeleka tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na skripti zisizohesabika za usimamizi wa seva zilisimama juu yake. Haikuguswa. Tarehe 1 Aprili 2014, toleo la 1.0 la APT lilileta amri mpya fupi, apt, yenye rangi na mstari unaoonyesha kazi imefika wapi. Ukiiingiza apt kwenye bomba, inakuonya kwa njia ya makosa kwamba sura yake haijatulia na kwamba uwe mwangalifu kuitumia ndani ya skripti. Inajuaje? Huuliza kama matokeo yanaelekea kwenye teminali, hila ileile ya Berkeley, safari hii ikimzuia mwandishi wa skripti kabla hajajenga juu ya mchanga. GnuPG, programu ya usimbaji fiche, nayo ina chaguo la --with-colons, linalotenganisha kila kipengele kwa nukta mbili, na mwongozo wake unawaelekeza waandishi wa skripti huko.

Pasipokuwa na ahadi yoyote, hivi ndivyo inavyotokea. ifconfig, iliyotoka na 4.2BSD mwaka 1983, iliandika anwani ya mashine kwenye Linux ikitanguliwa na maneno inet addr: kwa miaka mingi. Wasimamizi wa seva duniani kote waliandika skripti zinazotafuta maneno hayo, kisha kukata kwenye nukta mbili. Kizazi kipya cha kifurushi cha net-tools kiliondoa addr: na kubadilisha mpangilio wa mstari. Macho ya mtu hayakupata shida hata kidogo. Skripti zilirudisha anwani tupu, na tupu hiyo ikaenda kuandikwa kwenye faili za usanidi. Hakuna mwongozo uliovunjwa, kwa sababu hakuna mwongozo ulioahidi.

GNU grep, zana ya kutafuta maneno ndani ya faili, ilikutana na kisa cha kinyume. Amri za egrep na fgrep ni za tangu enzi za Bell Labs, na POSIX ilikuwa imeshazitangaza kuwa zimepitwa na wakati. Toleo la 3.8, la Septemba 2022, lilianza kutoa onyo kila zinapoitwa. Onyo limeandikwa kwa ajili ya mtu, lakini wengi wanaoziita amri hizo ni skripti za zamani, ndani ya vifurushi ambavyo waandishi wake wameshahama kazi. Onyo likaangukia kwenye kumbukumbu za majaribio ya programu ambayo hayakutarajia neno lolote kwenye njia ya makosa, nayo yakafeli. Mdomo ule wa pili, uliotengwa miaka ya 1970 kwa ajili ya watu, ulikuwa umeshapata wasikilizaji ambao si watu.

Kwa sisi wasemaji wa Kiswahili mgawanyo huu una uzito wa pekee, na unatokana na tafsiri. Kompyuta ya Linux inaweza kuwekewa mazingira ya sw_TZ au sw_KE. Ukiyaweka na kuandika date +%A siku ya kwanza ya kazi, utapata Jumatatu. Skripti iliyoandikwa mahali pengine ikilinganisha jibu hilo na Monday haitafanya kazi wiki nzima, mwezi mzima, na haitatoa kosa lolote. Mwandishi mwangalifu angetumia date +%u, inayotoa namba 1 kwa siku hiyo katika kila lugha, au angeanza skripti yake kwa kuweka LC_ALL=C ili zana zote zirudi kwenye sura moja. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulianza na programu za ofisini, ambako kila neno kwenye menyu ni la kusomwa na mtu. Kwenye mstari wa amri mfasiri hana uhakika huo. Lazima ajue kwanza ujumbe ulio mbele yake unasomwa na nani.

Git iliwajibu wafasiri kwa maandishi. Ilipofunguliwa kwa tafsiri mwaka 2012, maelekezo yake yaliagiza kwamba yatafsiriwe yale yanayosomwa na watu tu, yaani kauri, na matokeo ya mabomba yaachwe. Na kwa kuwa agizo pekee halitoshi, walitengeneza hali ya majaribio iliyobadilisha kila ujumbe uliotiwa alama ya tafsiri kuwa maneno yasiyo na maana, # GETTEXT POISON #, kisha wakaendesha majaribio yao yote. Skripti ya ndani ikivunjika, waligundua kwamba ujumbe unaotegemewa na mashine umetiwa alama kimakosa, wakaiondoa. Hali hiyo iliondolewa mwaka 2021, ikiwa imeshamaliza kazi yake. Atakayeanza kuitafsiri Git kwa Kiswahili ataukuta mpaka umeshachorwa kwa ajili yake, ujumbe kwa ujumbe.